Blanketi la Marehemu Loisi

Efraimu Sichone alikuwa na mke mmoja, baiskeli moja na biashara ya chumvi, na kwa mtu wa Tunduma wa miaka ile ya hamsini mwanzoni, hayo yalitosha kabisa kumweka mbali na matatizo. Alivusha chumvi mpakani kwenda Nakonde, akarudi na samaki wakavu. Mke wake, Tupokigwe, binti wa milima ya Ileje, alilima, alipika, na alimwambia ukweli hata asipouliza. Shida ilikuwa moja tu: Efraimu alijua kuandika, na hakuna mtu aliyemzuia mapema.

Pale Chapwa, alikoishi, palikuwa na Umoja wa Waandishi wa Mpakani. Usidhani ni kitu kikubwa. Walikuwa wanaume wachache na mabenchi mawili, wakikutana Jumamosi nyuma ya nyumba ya Mzee Osea, mwenyekiti. Huyu Osea alikuwa pia mzee wa kanisa, na wenzake karibu wote walikuwa wazee wa kanisa, kwa hiyo walipokaa kuamua watapeanaje maoni juu ya kazi zao, wakachukua njia pekee ya kukutana waliyoijua: baraza la kumhoji Mkristo aliyeanguka. Mwandishi alisimama. Alisoma. Wakamhoji. Kisha wazee wakatoka kwenda nyuma ya banda la kuku kushauriana, wakarudi na uamuzi. Hayo ndiyo waliyaita maoni.

Abrahamu, karani wa kahawa, aliwahi kusoma hadithi ya fisi aliyeiba mbuzi. Akaulizwa mbuzi ni wa nani. Akasema ni mbuzi wa kubuni. Wazee wakaenda kwa kuku, wakarudi, wakamtaka amwombe radhi mwenye mbuzi. Rubeni, fundi baiskeli, alitunga shairi la kuisifu mvua, akaonywa asirudie, maana wiki ileile mvua ya mawe ilikuwa imepiga maharage ya mwenyekiti.

Efraimu yeye hakuwahi kuonywa. Hadithi zake zilikuwa za sungura, na zilipofika katikati Mzee Osea alikuwa ameshalala. Hilo lilimuuma kuliko onyo. Siku moja, akisukuma baiskeli kwenye mlima, akakumbuka kwamba kanisani mtu akisimama na kuanza, "Mimi nilikuwa mlevi," hata waliosinzia wanaamka. Akasimamisha baiskeli. Kumbe dawa ni "mimi"!

Jumamosi akasimama mbele ya Umoja, akakohoa, akasoma:

"Mimi, nikiwa Nakonde na chumvi yangu, nilimwona mwanamke aitwaye Loisi. Aliponisalimu kwa Kibemba, 'mwapoleni mukwai', nilisikia mzigo umeshuka begani. Nikamuoa. Nikamnunulia blanketi jekundu lenye mistari myeusi, zito kama ndama, baridi isimguse hata kidole. Mke wangu wa kwanza, kule nyumbani, ni mtu wa kazi."

Hakuna aliyelala. Mzee Osea alikuwa amefungua macho yote mawili, jambo ambalo Umoja haukuwahi kuliona. Upande wa pili wa ukuta, ambako Tupokigwe na Nesta, mke wa mwenyekiti, walikuwa wakipukuchua maharage, maharage yakanyamaza.

"Ndugu Efraimu," Mzee Osea akasema taratibu, "unaungama?"

"Siungami, Mzee. Ni hadithi."

"Aliyeoa ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi."

"Mimi wa kwenye hadithi, Mzee!"

"Na chumvi ni ya nani?"

"Chumvi... chumvi ni yangu."

"Nakonde unakwenda, huendi?"

"Nakwenda."

"Andika, karani," Mzee Osea akamwambia Abrahamu. "Chumvi amekiri."

Wazee wakaenda kwa kuku. Waliporudi, Efraimu alikuwa amezuiwa kusoma na kunywa chai ya Umoja mpaka amlete Loisi. Rubeni akajitolea kwenda Nakonde kumtafuta, na alionekana kesho yake akiwa amechana nywele na kupaka mafuta, kwa ajili ya uchunguzi tu. Akarudi na habari kwamba amempata Loisi. Ni bibi kizee asiye na jino hata moja. Alipoulizwa kama anamjua Efraimu muuza chumvi, bibi alijibu kwamba hamjui, ila anamkubali, aje.

"Mmeona?" akasema Mzee Osea.

Wakati huo Tupokigwe alikuwa ameshaondoka. Alichukua sufuria, mwiko na mtoto wao Lusungu, akarudi kwao Ileje. Efraimu akabaki na baiskeli na samaki, akala samaki wa kuchoma asubuhi, mchana na jioni, mpaka paka wa jirani wakahamia kwake kwa heshima kabisa. Akavumilia. Halafu akashindwa. Mtu anaweza kukosa chai ya Umoja akaishi, lakini nyumba isiyo na mtu wa kumwambia amekosea ilimtisha. Akapanda milima ya Ileje, nusu ya njia akiwa amepanda baiskeli na nusu baiskeli ikiwa imempanda yeye.

Mkwe wake, Mzee Gwakisa, alimpokea kwa adabu na kwa uso wa jiwe.

"Baba," Efraimu akasema akiwa amechuchumaa, "huyo mke wa pili hayupo."

"Wote wenye mke wa pili husema hayupo."

"Nimemtunga kichwani, baba. Kwa kalamu."

"Wengine huwapata kwenye pombe, wewe kwenye kalamu. Mimi sijali ulikompatia."

Tupokigwe hakutoka nje. Alimtuma mama yake alete neno: "Mwambieni akajifunike lile blanketi lake."

Efraimu akarudi bila kuelewa. Wanaume wa kalamu ni wepesi wa kuandika na wazito wa kusikia. Njia nzima aliwaza Loisi, na alipofika Chapwa alikuwa ameshaamua: mwanamke huyu lazima afe.

Akawaomba wazee ruhusa ya kusoma mara moja tu, wakamruhusu kwa sababu walitaka kujua kilichoendelea. Akasimama, akasoma: "Loisi wangu alishikwa na homa mvua za kwanza zilipoanza, na kabla mahindi hayajachipua, alifariki." Akakunja karatasi, akasubiri wamwambie kesi imekwisha.

Wazee wakaenda kwa kuku. Walirudi wameshika kofia mikononi.

"Pole sana, ndugu yetu," Mzee Osea akasema, na sauti ikamkatika. Rubeni alikuwa analia waziwazi. Alikuwa amemtafuta kwa miguu, alisema, na mtu uliyemtafuta kwa miguu si mgeni tena.

Jioni ileile moto wa msiba ukawashwa uani kwa Efraimu. Mikeka ikatandikwa. Watu wakaleta unga. Kila alipofungua mdomo kusema hakuna aliyekufa, mtu alimshika bega na kumwambia ajikaze, wote husema hivyo siku za kwanza. Hata yule bibi Loisi wa Nakonde alivuka mpaka kuja kumlilia wajina wake, akala kuliko wafiwa wote, bila jino.

Habari zikapanda milima. Mzee Gwakisa akasema hata kama mkwe ni mjinga, amefiwa, na ukoo hauwezi kukaa nyumbani wakati mwenzao analia. Wakashuka kundi zima na maharage na unga, mbele yao Tupokigwe na sufuria kichwani. Alipoona uwanja, akaangua kilio mpaka paka wakakimbia:

"Mke mwenzangu ee! Umekwenda hata sura yako sikuiona!"

Jambo ambalo lilikuwa kweli tupu.

Efraimu akamfuata jikoni. "Mama Lusungu, wewe unajua huyu mtu hayupo."

"Najua tangu siku ile nyuma ya ukuta," Tupokigwe akasema, akifuta machozi na kuchochea kuni. "Mwanamke gani atakukubali mara moja hivyo? Mimi nilikukataa miaka miwili."

"Sasa kwa nini uliondoka?"

"Baba Lusungu, mimi nalala nimejifunika gunia la chumvi. Mwezi wa sita, baridi ya hapa unaijua. Halafu unakaa chini, una wanawake wote wa dunia wa kutunga, una vitu vyote vya dunia vya kumpa mtu bila senti, unampa yeye blanketi. Mimi unanipa kazi! Hata kwa uongo, Baba Lusungu? Hata kwa uongo umeshindwa?"

Katika Umoja wote hakuna aliyewahi kumpa Efraimu maoni ya namna hiyo.

Siku ya kuanua tanga, Mzee Osea akauliza kama kuna mwenye neno kabla watu hawajatawanyika. Tupokigwe akasimama.

"Wazee wangu, kwetu na kwenu, vitu vya marehemu hugawanywa siku ya leo. Marehemu aliacha blanketi."

"Jekundu," Rubeni akasema, akivuta kamasi.

"Lenye mistari myeusi," Abrahamu akaongeza.

"Zito kama ndama!" wakamalizia waombolezaji, wote kwa pamoja.

Nitasema ukweli, Efraimu alifurahi. Sekunde ile aliona maangamizi yake yanakuja na bado alifurahi, maana watu walikuwa wameshika maneno yake moja baada ya jingine, na sungura hakuwahi kukumbukwa na mtu.

Bibi Loisi akadai blanketi ni lake kwa kuwa jina ni lake. Wazee wakaenda kwa kuku, wakakaa huko muda mrefu, wakarudi. Blanketi ni la mke mwenza. Mfiwa alilete.

Efraimu akavuka kwenda Nakonde. Dukani walikuwa na ya kijivu, laini na rahisi, lakini alijua mlima mzima umesikia jekundu. Akarudi bila chumvi na bila samaki, blanketi likiwa limefungwa nyuma ya baiskeli.

Asubuhi ya baridi Tupokigwe alikaa juani amejifunika lote, pua tu ndiyo nje.

"Hadithi ilikuwa nzuri," akasema.

"Kweli?"

"Kweli. Ila homa umeiwahisha. Angeugua kidogo, tungemzoea. Hivi marehemu hakuwa na mdogo wake?"

"Anaweza kuwa naye," Efraimu akasema kwa uangalifu.

"Mdogo wake huyo, mnunulie sufuria. Hii yangu imepasuka huko njiani nikija kulia."

Jumamosi iliyofuata Efraimu alisimama mbele ya Umoja, amerudishiwa chai yake. Akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti: "Hapo zamani palikuwa na sungura, hajaoa, hana ndugu, hana kitu chochote."

Mzee Osea akaanza kusinzia. Upande wa pili wa ukuta maharage yakanyamaza.

"Na sufuria je?" ikauliza sauti. "Huyo sungura anakula mbichi?"