Kompyuta Iliyofumiwa Kitambaa

Fundi aliniambia kompyuta ya nyumbani hubadilishwa kila baada ya miaka mitatu. Alisema hivyo kwa uhakika wa daktari, bisibisi mkononi, nami nikamwamini, mimi ambaye simwamini hata muuza nyanya anaponiapia kwamba zimechumwa leo.

Ilikuwa Kigali, mwaka wa tisini na tatu, nasi tulikaa Niboye. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma. Ndoa ndiyo iliyonileta Rwanda, na kazi yangu ilikuwa kutafsiri barua na ripoti za watu nikiwa nyumbani. Miaka mitatu nyuma mume wangu alikuwa amenunua kompyuta kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Haikuwa na hifadhi ndani yake. Kila ulichoandika kilikaa kwenye disketi, bapa na laini, pana kama kiganja kilichokunjuliwa.

Mama mkwe wangu aliishi nasi. Alikuwa mkunga wa Nyakabanda kwa miaka mingi, hajui kusoma wala kuandika, na wanawake wa kule walikuwa bado wanamfuata kumwuliza mtoto fulani alizaliwa siku gani. Padri anataka tarehe, shule inataka tarehe, na karatasi hakuna. Yeye alikuwa anajibu papo hapo: ile wiki ya mvua ya mawe, Jumanne, kabla ya misa ya asubuhi. Halafu akaanza kusahau. Siku moja alimpa mama mmoja tarehe ya mtoto wa jirani yake, akagundua mwenyewe baada ya mgeni kuondoka, akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa alikaa kando yangu, akasema, nikaandika. Mtoto, mama yake, siku, na yaliyotokea. Yaliyotokea yalikuwa mengi, loo! Nani alizaa akiwa peke yake, nani alimficha baba wa mtoto, nani alipoteza wawili kabla ya huyu. Printa ilikuwa ofisini kwa mume wangu, lakini mama hakutaka kusikia habari ya printa. "Mambo ya uzazi hayaendi ofisini kwa wanaume," alisema. "Yakae humo humo." Yakakaa humo humo, disketi nne.

Sasa, mama huyu alikuwa fundi wa kufuma. Nyumbani kwetu hapakuwa na kitu uchi. Redio ilikuwa na kitambaa, viti vilikuwa na vitambaa, hata chupa ya chai ilikuwa na kofia yake. Kompyuta aliifumia cha uzi mzito wa sufu, cheupe, kikakaa barabara, kikashuka nyuma hadi mezani. Mbele aliacha dirisha la skrini na mwanya wa kuingizia disketi. Aliipima kwa kamba, jamani, kama anavyopimwa bibi harusi. Ningekivua vipi? Anayevua zawadi ya mama mkwe mbele ya macho yake afungashe kabisa arudi kwao.

Kompyuta ikaanza kuzimika. Saa moja hivi ya kazi, kimya. Tukaipeleka kwa fundi Kicukiro, ikafanya kazi siku nzima mezani kwake bila shida. Hilo peke yake lingetosha kunifungua macho. Fundi akatikisa kichwa. "Ikikaribia kufa inajionyesha nzima," akasema, na hapo ndipo alipotoa ile sheria yake ya miaka mitatu. Alikuwa na nyingine, mpya kidogo, na hii ya zamani angeichukua kupunguza bei. Nilifurahi, sitasema uongo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Kuhusu disketi sikuwaza kabisa. Nilidhani ni kama kaseti, redio yoyote inapiga kaseti yoyote. Nilipofika nyumbani nikakuta mpya inakula disketi ndogo ngumu tu. Nikajiambia siku moja nitazipeleka kwa fundi azihamishe. Kazi za watu zilikuwa nyingi, na mama wakati huo alikuwa na shughuli nyingine: alikuwa anaifumia mpya kitambaa chake.

Baada ya miezi miwili mpya nayo ikaanza kuzimika. Safari hii nilimwita fundi aje nyumbani, na nilimwita kwa hasira. Akaingia, akasimama mbele ya meza, akaingiza mkono chini ya sufu, akautoa haraka kama aliyeungua.

"Mama," akaniambia, "hii mashini iko navaa sweta?"

Nilicheka. Mpaka leo najichukia kwa kicheko kile, maana mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, sindano mkononi. Fundi akaeleza kwamba kompyuta inapumulia nyuma, na nyuma tumeiziba. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ile ya kwanza haikuwa mgonjwa," akasema.

 Nikamwuliza fundi ile ya kwanza iko wapi. Alikuwa ameshaivunja, skrini kwa huyu, vyuma kwa yule. Nikamletea disketi nne. Akazigeuzageuza, akasema kampuni iliyotengeneza mashine ile imekufa huko Ulaya, na disketi zake hazisomwi na mashine nyingine yoyote anayoijua. Nilizipeleka kwa mafundi wengine wawili mjini. Jibu lilikuwa lile lile.

Tukaanza upya kwa kalamu na daftari. Watoto wa ujana wake aliwakumbuka vizuri, mmoja baada ya mwingine. Tulipofika kwa wale wa Nyakabanda akawa ananipa mtoto mmoja kila Jumapili, yule wa mvua ya mawe, nami nikawa namwandika kila Jumapili kwa sababu sikuweza kumwambia.

Mapema mwaka uliofuata alikuja mwanamke kutoka Nyakabanda, amevaa vizuri, na zawadi ya maharage kwenye kikapu. Binti yake anaolewa, padri anataka tarehe ya kuzaliwa. Alipiga magoti kumsalimu mama, akauliza. Mama akamtazama kwa upendo mwingi, akamshika mkono, na nikaona anatafuta, anatafuta. Kisha uso wake ukatulia. Akanielekeza mimi kwa kidole.

"Mwulize mkwe wangu," akasema. "Wote nilimpa yeye."

Yule mwanamke akanigeukia, anatabasamu, akisubiri nimwambie.