Nilichojifunza kuhusu ISO kubwa kwenye chumba cha bibi harusi, kule Mpemba

Wakuu, heshima zenu.

Naona uzi wa kamera zinazokuja umefika kurasa za kutosha na watu wanakaribia kushikana mashati kwa ajili ya ISO. Huyu anataka 51,200 isiyo na chenga hata moja, yule anasema chini ya 102,400 hatoi hela yake. Nimesoma kimya kimya, leo acha na mimi nichangie.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Kama ipo, ni ile kidogo ya mtu yeyote anayesimulia.

Kwa mgeni wa jukwaa: ISO ni ile namba inayoiwezesha kamera kuona gizani. Ukiipandisha sana, picha inajaa vidoa vidoa, ndizo hizo chenga tunazogombania.

Mimi ni mpiga picha hapa Tunduma, na ni mwanamke, kwa hiyo wale mnaoniita "kaka mkuu" mjirekebishe. Uanamke wangu ndio unaonipa kazi. Familia nyingi za Kiislamu hapa mpakani, za wafanyabiashara na madereva wa malori, hazitaki mwanaume mwenye kamera aingie chumbani kwa bibi harusi. Wapiga picha wanaume wanabaki nje wanapiga picha masufuria ya pilau.

Sasa humu ndani tulisubiri ile kamera mpya ya full frame, yenye sensa kubwa, kwa miezi. Mnakumbuka. Kila tetesi nilikuwepo, kila grafu nimeitazama. Ilipotoka nikauza ya zamani, nikatafuta body tu, yaani kamera bila lenzi, maana humu mliniambia "body kwanza, lenzi baadaye". Binamu yangu akaninunulia Dar na kuniletea kwa basi. Lenzi nikabaki na ile ile iliyokuja na boksi la kamera ya zamani, ambayo gizani haina msaada wowote.

Kazi yake ya kwanza ya maana ikawa ndoa ya Zuhura, pale Mpemba, mji mdogo jirani na Tunduma.

Baba yake Zuhura ni dereva wa masafa, mtu wa Tanga aliyehamia huku zamani. Mkewe alishafariki, binti kalelewa na shangazi yake. Wiki ya ndoa mzee akakwama kwenye foleni ya malori upande wa Zambia, haiendi mbele wala nyuma. Akampa mdogo wake uwakili wa kuozesha kwa simu, watu wakasikia, mashehe wakaridhika.

Kisha akanipigia mimi. Aliniambia hataki picha za keki wala za magari. Anataka moja tu, ile ya binti yake anapoulizwa kama ameridhia. Mambo mengine yote angesimuliwa, hilo alitaka kuliona.

Wakuu, lile jambo halirudiwi. Baba mdogo anafika mlangoni na shehe, anauliza, binti anajibu, basi, wanaondoka. Huwezi kusema "samahani shehe, tuanze tena".

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina kamera mpya.

Nilifika mchana. Umeme ulikuwa umekatika, mapazia yamefungwa kwa sababu wanaume wamekaa chini ya dirisha, na mwanga wote ulikuwa wa taa moja ya kuchaji kwenye kona. Nikatoa flash. Somo wa bibi harusi, yaani mama aliyemfunda, akanitazama kama nimetoa nyoka.

"Hilo limwanga rudisha kwenye mkoba, mwanangu. Likimulika atashtuka, atainua macho, na bibi harusi akiulizwa hainui macho."

Nikarudisha. Moyoni nilikuwa nacheka. Nilijiona ndimi niliyeisubiri siku hii kuliko mtu yeyote Tanzania nzima.

Nikampiga picha za kujiandaa, nikatoka ukumbini kubadilisha memory card, nikarudi mwendo wa haraka maana shehe alishapiga hodi. Lenzi ikagoma na giza. Nikapandisha ISO mpaka mwisho wa mwisho, kule ambako namba zinaisha na kuandikwa H. Si kamera inasema inaweza?

Baba mdogo akauliza. Zuhura, kichwa chini, mtandio umemfunika nusu uso, akasema "Nimeridhia" kwa sauti ambayo hata mimi wa pembeni yake niliisikia kwa shida. Nikabonyeza. Kwenye kioo cha kamera ikaonekana picha safi kabisa. Nilitamani kupiga vigelegele na wale kina mama.

Nilipoifungua kwenye kompyuta, vigelegele vikaisha. Chenga za zambarau, chenga za kijani, nukta nyeupe kila mahali. Uso ulikuwepo, ila kama umemwagiwa mchele.

Nikatia bidii. Noise reduction, ile ya kupunguza chenga, nikaisukuma mpaka mwisho, halafu nukta nyeupe zilizobaki nikazifuta moja moja, kwenye mtandio, kwenye shavu, kwenye pua. Nikaamka mgongo unauma lakini ngozi ya bibi harusi inateleza. Nikaitupia humu jukwaani. Mlinisifu sana wakuu, mmoja akaandika "sensa ya kamera hiyo ni moto". Nikaichapa kubwa, nikaitia fremu.

Mzee akaja studio moja kwa moja kutoka kwenye lori, vumbi hadi kwenye kope. Akanisalimia kwa Kibemba, "mulishani", kama wanavyozoea wakitoka Zambia. Nikampa fremu. Akaitazama muda mrefu mpaka nikaanza kujisikia vizuri.

Akasema ni nzuri, binti amekuwa kama watu wa kwenye kalenda. Kisha akauliza polepole:

"Kipini hakuvaa?"

Nikauliza kipini gani.

"Cha marehemu mama yake. Nilimwambia dada amvishe kabla hajaulizwa. Nilitaka mama yake naye awepo."

Wakuu, ndipo nilipoelewa. Shangazi alimvisha wakati mimi niko ukumbini na memory card yangu. Na ile nukta nyeupe ya puani nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikamwomba mzee akae. Nikafungua RAW, ile mbichi, na chenga zake zote. Nikakuza. Nukta ilikuwepo, ndogo, imetulia pale pale penye pua, wakati chenga nyingine zimetapakaa ovyo. Nilifurahi nusura nilie.

Nikaichapa vile vile ilivyo, kwa saizi ya postikadi. Na hapa wataalamu sikilizeni: kwenye karatasi ya saizi ile, chenga zilinywea zikawa kama punje za picha za zamani. Zile tunazozikuza asilimia mia na kutukanana humu, mkononi mwa mtu hazikuonekana.

Mzee akaisogeza karibu na uso. Akaweka ukucha kwenye ile nukta.

"Huyu hapa," akasema. Hakusema kipini. Akacheka na machozi yanamtoka, akaitia picha mfuko wa shati, na ile fremu akaniachia, eti nitangazie biashara.

Kwa hiyo funzo langu ni hili. Kamera ijayo siiombi iniondolee chenga zote, maana mashine haijui kipi ni chenga na kipi ni mke wa mtu. Naiomba ibakize vitu vidogo. Na kabla ya body, nunueni lenzi inayopitisha mwanga. Mimi nimeshanunua, na RAW sifuti tena.

Karibuni mniulize, mnipinge, mnicheke. Ila ukija na grafu ya ISO, njoo pia na jina la mtu unayetaka kumpiga picha gizani.