Mtaalamu wa Mapenzi Avusha Mchumba

Kwenye foleni ya mpaka wa Grande Barrière, mbele yangu, kijana anayeandika tasnifu kuhusu mapenzi katika riwaya pendwa alikuwa akimsindikiza mchumba wake, aliyepata kazi Goma.

Mchumba akamshika kola. "Bon, mi naenda. Uko na neno ya kuniambia?"

Akarekebisha miwani. "Chérie, kuungama mapenzi mpakani ni mbinu iliyochakaa. Kila mwandishi anaitumia."

"Donc, hauna."

Dada akavuka. Machozi yakamlengalenga mtaalamu, akanilalamikia: "Mzee, kwenye riwaya huwa wanageuka!"

Umri haujaniponya kiherehere. Nikapaza sauti: "Dada, anakupenda!"

Akageuka. "Papa, aseme yeye! Si iko na kinywa?"

Nikamtazama kijana. Ameinamia simu, anaandikia tasnifu yake kwamba dada amegeuka.

Na sisi wazazi tulikuwa tunawaficha mabinti zetu riwaya hizo, eti zitawaharibu akili.