Kuzidisha kwa Nane

Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya foleni. Nilikuwa nesi wa zahanati moja karibu na Murangi. Kipimo chetu cha presha, kile cha zebaki, kilivunjika, tukaletewa cha msaada kutoka Ulaya. Hicho kilisoma kwa kilopaskali, na hakuna aliyetuuliza kama tunakitaka. Masharti yetu ya dawa yalikuwa kwa milimita za zebaki: namba ya juu ikifika mia na sitini, mtu anapewa, chini ya hapo anaambiwa apunguze chumvi. Bwana mganga, bosi wangu, akaandika ukutani kwa chaki: zidisha kwa saba na nusu. Hesabu niliziweza, na nilijivuna nazo.

Siku moja kwenye kopo zilibaki dawa za mgonjwa mmoja, za mwezi mmoja. Wa kwanza kuingia alikuwa mama yangu mzazi, analalamika kisogo kinamuuma. Nikampima. Ishirini. Kwa saba na nusu ni mia na hamsini, mtoto wa shule anajua. Mimi nikazidisha kwa nane. Nikaandika mia na sitini kwenye daftari, nikamkabidhi dawa zote. Alikuwa mama yangu, ningefanyaje?

Hata saa haikupita, akaingia mwanamke mmoja muuza dagaa niliyemzoea, ametembea tangu alfajiri. Ishirini na mbili. Nikampima mara tatu, nikitafuta kosa. Mia na sitini na tano, kwa hesabu ya haki.

"Dawa zimeisha, mama. Uje wiki ijayo."

"Haya, nesi wangu. Nyie nanyi mnahangaikaga sana," akasema, akanishukuru. Ile asante iliniuma kuliko kama angenitukana.

Siku ya nne wakamleta kwenye machela, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umepooza. Akapelekwa Musoma. Hakuuza dagaa tena.

Jioni hiyo nikaenda kwa mama nikiwa na hasira ambazo sikujua nimshushie nani. Nikamuuliza dawa anamezaje. Akacheka, akafungua fundo kwenye pindo la kanga.

"Nimezitunza, mwanangu. Dawa zenyewe siku hizi hazipatikani. Nitameza nikiumwa kweli."

Nikazihesabu mara mbili. Zilikuwa zote.