Mlio wa Kisu cha Bibi

Juma lililopita nilishuka Makambako, nikamkuta baba mdogo pale pale ninapomkutaga kila nikienda: sokoni, kwa muuza visu. Mzee mzima, koti limefungwa mpaka shingoni kwa baridi, anakunjua kisu, anakikunja karibu na sikio, anakirudisha. Muuzaji wala hamuulizi tena. Moyo uliniuma, maana najua anachokitafuta.

Wewe uliyekulia huku kwetu Njombe unajua mvua zikianza mianzi inavyochipua. Nyumbani Kichiwa tulikuwa na kichaka kikubwa nyuma ya jiko, na bibi, mama yake baba mdogo, ndiye aliyekigema. Asubuhi na jioni alichonga ncha ya chipukizi, kipande chembamba tu, na ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, ukadondokea kwenye mbeta, kile chombo cha mwanzi tunachokingia. Harufu yake tamu iliingia mpaka kwenye mablanketi. Mzee wa kanisa alipitia mlango wa jikoni kununua wake, nasi tulifundishwa kutomwona. Ulanzi ule ndio uliotuvalisha sare za shule.

Kisu chake kilikuwa cha kukunja, mpini wa pembe, kazi ya mhunzi wa Ipelele. Alikinunua kwa mbuzi jike, na babu alinuna mpaka mavuno. Hakikuwa na sura. Bapa lake lilikuwa limeliwa na jiwe la kunolea mpaka likabaki jembamba kama jani la muhindi. Lakini kikikunjwa kililia tak, mara moja, na sisi kitandani tukajua bibi amemaliza, uji unakuja. "Kisu butu hakiukati mwanzi, kinautafuna," alizoea kusema, "na ukitafunwa hautoi kitu."

Baba mdogo, kijana wakati huo, alimpenda sana mama yake. Ndiyo maana akafanya alichofanya. Alikichukua kile kikuukuu, akaenda nacho Makambako, akabadilishana na mchuuzi mpita njia, akapewa kipya kinachong'aa, cha bei chee, chenye kifungulia chupa ubavuni. Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Kwetu zawadi ya mtoto hairudishwi, basi akaenda nacho mianzini. Chipukizi zikapondeka, zikaoza ncha. Akazidi kukandamiza ili kikate, springi ikaachia, kisu kikajikunja juu ya vidole vyake.

Vidole havikupona sawasawa, na hakugema tena. Alikaa jikoni, mkono umefungwa kitambaa. Alfajiri moja sote tukasikia nyuma ya nyumba: tak. Baba mdogo alitoka mbio, hakukuta mtu. Bibi akasema polepole, "Kumbe kimerudi." Mvua zilizofuata hakuziona.

Mlio haukukoma. Baba mdogo akafyeka kichaka chote, akapanda parachichi. Sasa malori yanakuja kuyabeba, nyumba ina bati jipya, harufu ya ulanzi imetoweka kabisa, na yeye bado anasikia. Mimi pia nikilala pale nasikia, sikatai. Naogopa, na nikiondoka naukumbuka.

Sokoni nilimwamkia, "Kamwene, baba mdogo." Alinisogezea kisu sikioni, kizuri, cha bei ya kutisha. Siku hizi bei haimsumbui. Akakikunja.

"Ni chenyewe?"

Nilimhurumia, nikasema ndiyo.

Akakirudisha mezani.

"Wewe ulikuwa mdogo," akasema, akachukua kingine.