Salamu za Gaudens

Gaudens hapiti mtu bila kumsalimia, na hilo, nasema wazi, limenitia njaa na kiu miaka mingi. Si salamu ya kupunga mkono. Ni salamu ya kwao Karagwe: anasimama, anavua kofia, anauliza umetokea wapi, wazazi hawajambo, mvua mnapata. Kanisani kwetu Brooklyn Center, huku Minnesota, sawa, tumezoea. Lakini yeye huifanya jangwani Utah, kwenye njia ya kupanda mawe, jua la utosi, na Wazungu wenyewe wanapita na fimbo zao kama waliochelewa kazini.

Safari hizo alizianzisha yeye. Alikuwa mhasibu katika kampuni moja huko Golden Valley, akaona picha ya yale majabali mekundu kwenye kalenda ya ofisini, akaja nayo nyumbani. "Mama Irene, hebu tazama udongo huu. Huu si wa kwetu kabisa?" Mkewe, Dativa, akatazama, akasema ni wa kwetu. Tangu hapo kila Aprili, sisi wa Minnesota tukiwa bado tunakanyaga theluji iliyogeuka tope, tunapanda ndege: wao wawili, mimi Leah jirani yao, na Wanjala, nesi wa Kikenya ambaye ndiye dereva wetu. Mwaka wa kwanza tulivaa viatu vya kanisani na tukabeba sufuria la pilau mpaka juu. Msicheke. Pilau lilifika.

Na kila mwaka tunafika juu wenzetu wameshashuka, kwa ajili ya salamu.

"Mzee, hii ni trail, si harusi!" Wanjala humpigia kelele. "Tutafika lini sasa?"

"Mwanangu, jiwe halihami," Gaudens humjibu. "Mtu ndiye anayepita."

Mwaka jana akaanza kusahau. Kwanza funguo, na nani hasahau funguo? Kisha akaenda madukani Roseville asijue alikoegesha gari, akazunguka mpaka mlinzi akampigia Dativa simu. Mwisho daktari akautaja ugonjwa kwa jina lake. Irene, binti yao, akasema kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba mambo ya kupanda majabali sasa basi. Dativa akamjibu kwa Kiswahili, polepole, "Baba yako anakwenda."

Siku hiyo nilikuwa jikoni kwake tukimenya ndizi. Irene alipoondoka, Dativa akaweka kisu chini.

"Leah, njia na azisahau. Majina ya watu ayasahau. Naogopa siku atakayonitazama mimi asinijue. Kule kwenye mawe mekundu ndiko anakofurahi kuliko mahali pote. Moyo unaniambia kule hatanisahau."

Niliendelea kumenya ndizi. Roho iliniuma, jamani, sisemi uongo.

Basi Aprili ikafika, tukaenda. Goti la Dativa lilikuwa limevimba tangu kwenye ndege, akawa anachechemea nyuma yangu. Gaudens yuko mbele, mwepesi kama si yeye, kofia juu, kofia chini, anasalimia. Tulipofika njia panda Dativa akaniomba nimsindikize nyuma ya jabali, haja za sisi wanawake. Mzee tukamwachia Wanjala. Tunarudi, tunamkuta Wanjala ametupa mgongo anapiga picha bonde, na Gaudens hayupo.

"Alikuwa hapa!" Wanjala akashika kichwa. "Haki ya Mungu, alikuwa hapa saa hii!"

"Picha!" nikamfokea. "Umeachiwa mtu, wewe unapiga picha!"

Simu hazikuwa na mtandao. Upande mmoja njia inarudi kwenye magari. Upande wa pili inapanda, na pembeni yake kuna korongo ambalo ukiangusha jiwe husikii likitua. Dativa aliita mpaka sauti ikamkauka.

Hapo akashuka msichana mmoja na mbwa wake. Kabla hatujamwuliza lolote, akamtazama Dativa, goti kwanza, kisha uso.

"Wewe ndiye Dativa?" akauliza kwa Kiingereza. "Mume wako anakusalimu. Anasema uje taratibu, usilazimishe goti."

Dativa akamshika mikono yote miwili. "Yuko wapi?"

"Yuko juu. Aliniuliza habari za mama yangu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza."

Tukapanda. Mbele tukakutana na baba mmoja na watoto wake, nao wana salamu: Dativa, goti, taratibu. Mbele zaidi vijana wawili wenye kamba mabegani, salamu zilezile. Mimi, niliyekuwa nikilalamikia salamu hizo, sasa namkimbilia kila mpita njia kama namdai. Na Dativa analia huku anacheka, goti amelisahau kabisa.

"Waitu, jamani, ananikumbuka! Leah, unasikia? Ananikumbuka!"

Tulimkuta karibu na kilele, kivulini, amekaa juu ya jiwe na bibi mmoja wa Kizungu. Margaret, ndivyo alivyojitambulisha. Alimwona mzee hana maji, akampa ya kwake na akakataa kumwacha. Gaudens alipotuona akasimama, kofia mkononi, uso wote umechanua.

"Karibuni, karibuni! Kumbe hata huku Waswahili tupo! Mmetokea wapi, mama?"

Alikuwa anamwuliza Dativa. Wanjala akafungua mdomo, nikamfinya.

Dativa alisimama palepale. Nikafikiri sasa ataanguka. Hakuanguka. Aliitikia, kama inavyopasa mtu kuitikia akisalimiwa.

"Minnesota," akasema.

"Ala! Basi sisi ni majirani! Wazazi hawajambo?"

Wazazi wa Dativa wamelala kaburini zamani, na Gaudens mwenyewe alikwenda kuwazika. "Hawajambo," Dativa akasema.

"Mvua mnapata?"

"Tunapata, tunashukuru."

"Mungu mkubwa. Sasa mama, huko chini hamkupishana na mke wangu? Anaitwa Dativa. Goti linamsumbua, kwa hiyo anakuja polepole. Mkimwona, nisalimieni sana. Mwambieni sijamwacha, namngoja hapa."

Mimi nililia waziwazi, nani wa kunizuia? Wanjala aligeukia bonde, na safari hii hakuwa anapiga picha. Dativa ndiye hakulia. Alimsogelea mumewe.

"Zimefika," akasema.

"Zimefika?"

"Zimefika zote, Baba Irene. Kila uliyemtuma amezileta."

Gaudens akamtazama usoni. Aliona nini, sijui, na sikuuliza. Akasogea pembeni, akalipangusa lile jiwe vumbi jekundu kwa kofia yake, akampisha.

"Basi kaa," akasema. "Goti lipumzike."