Mjane wa Mwalimu Protus

Fomu ile Protus aliijaza mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Wakala wa Nairobi alikuwa amewaambia bila kupepesa macho kwamba madam wa Saudia hapendi mfanyakazi mwenye mume wa kupiga simu kila saa, kwa hiyo mahali pa ndoa waandike mjane. Mkewe, Selipher, alicheka, Protus akaandika. Hata tarehe ya kifo aliitunga yeye, tarehe kumi na nne Agosti, kwa kuwa fomu iliidai. Wakarudi Bungoma wakiliona jambo lenyewe dogo tu, kama kumwongezea mtoto umri ili aanze shule mapema.

Mwaka mmoja baada ya Selipher kuondoka, Protus naye akaitupa chaki. Alikuwa amefundisha miaka tisa kwa ajira ya bodi ya shule, akingoja barua ya serikali ambayo haikuja. Akatafuta kazi ya udereva Riyadh, na hapo akakosea mara ya pili. Alifungua ramani, akaona Riyadh na Jeddah, aliko mkewe, ziko nchi moja, akajiambia kwamba yeye na mkewe watakuwa wakionana kila mwisho wa mwezi. Mwalimu mzima! Kati ya miji hiyo miwili kuna karibu kilomita elfu moja za mchanga na lami, na kafili, yule mwajiri aliyeshika karatasi zake, hakuwa mtu wa kugawa ruhusa. Protus akalala miaka miwili katika chumba cha madereva mtaani Al-Murabba, huku mkewe akiishi Jeddah na watu waliojua kwamba mumewe ni marehemu. Kwenye simu Selipher alimwita kaka, maana madam hakuwa mbali.

Bahati ilikuja na Mchina. Profesa Wen, mwalimu mgeni kutoka chuo kikuu cha kwao, aliletwa kufundisha habari za udongo wa jangwani: wiki mbili Riyadh, siku moja Jeddah. Alikuja na mkewe, Bi Lan, mama mfupi mwenye viatu vya raba, ambaye alikataa ndege kwa sababu alitaka kuliona jangwa kwa macho yake. Kafili akampa Protus gari na safari. Protus alimwombea yule mama baraka zote.

Walifika Jeddah jioni, na asubuhi yake akawapeleka chuoni. Alibeba masanduku ya udongo hadi ukumbini, akasimama mlangoni asiende, kwa sababu harufu ya darasa ilimshika miguu. Profesa alifundisha kwa haraka kama mtu anayefukuzwa. Bi Lan alikuwa ameketi safu ya mbele na chupa yake ya maji moto, na kila mumewe alipokimbia sana alinyanyua kidole kimoja, naye profesa akapunguza mwendo. Wakati wa mapumziko akamfuta vumbi kwenye mkono wa koti na kummenyea chungwa, na profesa alikula bila hata kutazama, mdomo wazi, macho kwenye karatasi. Protus aliwaonea wivu, wivu mchungu usio na aibu. Mtu kavuka dunia nzima na mkewe kando yake, na yeye mwenyewe hajamgusa wake kwa miaka mitatu.

Bi Lan alimwona pale mlangoni, akamletea vipande viwili vya chungwa.

"Mke wako yuko Kenya?" akamuuliza kwa Kiingereza.

"Hapana, mama. Yuko hapa hapa Jeddah, mwendo wa nusu saa."

"Mara ya mwisho kuonana ni lini?"

Protus akamwambia. Bi Lan akageuka, akamtupia mumewe maneno machache ya Kichina. Profesa akatazama saa yake, kisha akamtazama dereva.

"Tunamaliza saa kumi," akasema. "Nenda."

Tangu aliposikia habari za safari hiyo, Selipher alikuwa ameomba akutane na "kaka" yake mtaani Sharafiya, kwenye hoteli moja ya bei nafuu ambamo Wakenya hula. Madam akasema mafi, hakuna, barabarani si pahali pa kukutania na jamaa. Kaka na aje nyumbani, apokewe kwa heshima. Ndiyo sababu Protus aliingia kwenye baraza ya nje ya nyumba ile kwa jina la Danson, ambalo ni la mwenzake wa chumbani, akaketi kwenye zulia jekundu mbele ya mama yake madam, ajuza waliyemwita Hajja. Alikuwa amejiahidi jambo moja tu: saa hiyo moja aketi na mkewe kama mume, na akitoka ajue kwamba bado ana mke.

Selipher aliingia na kahawa. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele za mbele zimeanza kuingia mvi. Akainamisha kichwa.

"Karibu, kaka."

Hajja akaanza kusema, na Selipher akatafsiri macho yakiwa kwenye kikombe. "Anakupa pole ya shemeji yako. Anasema yeye pia ni mjane. Kila tarehe kumi na nne Agosti sipewi kazi. Yeye na mimi tunakunywa kahawa hapa na kuwakumbuka waume zetu."

"Mwambie asante," Protus akasema.

"Anauliza, alikuwa mtu wa namna gani? Anasema mimi huwa simalizi kusimulia, nalia."

Sasa mtu ajibu nini hapo? Protus alifikiria kusema ukweli, halasi, yaishe. Lakini ukweli ungemtoa Selipher katika nyumba ile kama mwongo, na binti yao Shirleen alikuwa kidato cha pili, akisomeshwa kwa mshahara huo.

"Mwambie alikuwa mwalimu," akasema. "Mwambie alimpenda sana mkewe. Na alikuwa mjinga, alidhani mambo yakiandikwa kwenye karatasi hubaki kwenye karatasi."

Selipher alitafsiri kirefu kuliko alivyoambiwa. Hajja akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Na Selipher naye alikuwa akilia, mabega yakitikisika, na Protus alijua kilio cha mkewe. Hiki hakikuwa cha kuigiza.

"Mama Shirleen," akamwambia polepole kwa Kiswahili, ambacho Hajja hakukijua, akijitahidi uso usimbadilike. "Unalia nini? Mimi si huyu hapa? Nitazame."

"Nakuona."

"Basi nyamaza. Mkataba ukiisha Disemba twende nyumbani."

Selipher alimmiminia Hajja kahawa, akaliweka dele la kahawa chini.

Tangu waoane hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Alikuwa Baba Shirleen, na hapa alikuwa kaka.

"Mwanzo nilikuwa najifanya," akasema. "Hajja alinikalisha hapa, akanishika mkono, nikatoa machozi ya uongo. Mwaka wa pili yakaja yenyewe. Nilimlilia mume wangu kabisa, nikamaliza. Nimemzika, na siwezi kumfukua. Nisamehe, Protus."

Hajja, ambaye katika maneno yote hayo alilitambua jina la marehemu tu, akainua viganja vyake.

"Allah yirhamu," akasema. Mungu amrehemu.

Akangoja, viganja vikiwa juu, akimtazama mgeni. Na Protus, kwa kuwa mama yake alimlea vizuri, akaitikia amina.